Kabla hujaanza kuamka saa kumi alfajiri, chora saa yako

Watu wanaohamia Mbeya kutoka Dar es Salaam huniulizia baridi. Mimi huwaambia wajiandae na giza. Mwezi wa saba, jua la hapa Uyole huchomoza saa moja asubuhi ikiwa imeshagonga, karibu nusu saa nyuma ya Dar, kwa sababu tuko magharibi zaidi na nchi nzima inafuata majira yale yale. Mtoto wa shule anaoga gizani kwa maji yaliyochemshwa, na aliyeyachemsha aliamka kukiwa na giza zaidi. Halafu mtu huyo huyo anafungua simu na kukuta ushauri kwamba akitaka muda wa kusoma, wa mazoezi au wa kukaa na watoto, aamke saa kumi alfajiri.

Ushauri huo siukubali, na nitaeleza kwa nini. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na vikundi, vingi vikiwa VICOBA (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana), tukizungumza mapato, malezi na mipango ya nyumbani. Katika nyumba nilizozifahamu kwa karibu, muda wa kupumzika na wa kufanya jambo unalolipenda haukupatikana kwa kukata usingizi. Ulipatikana pale kazi za nyumbani zilipoonekana zote mezani, baadhi zikapunguzwa na zilizobaki zikapata mikono zaidi ya miwili.

Kifaa tunachotumia ni rahisi mno: duara kubwa kwenye karatasi ya bango, limegawanywa vipande 24, kimoja kwa kila saa. Wanawake wanachora lao, wanaume lao, kila upande kona yake. Kila kipande kinaandikwa kilichofanyika jana, jana halisi. Ukimuuliza mtu kuhusu siku ya kawaida, atakueleza siku anayoitamani.

Jambo la kwanza ninalolitafuta kwenye duara ni kazi zilizojificha chini ya kazi nyingine. Nilimuuliza mama mmoja, "Saa mbili usiku ulikuwa unafanya nini, mama?"

"Nilikuwa nimepumzika, naangalia tamthilia."

"Na mikono?"

Akatulia kidogo. "Nilikuwa nachambua maharage ya kesho. Na mdogo alikuwa amelala mapajani."

Saa hiyo alikuwa ameiandika mapumziko. Upande wa pili wa ukumbi, saa mbili usiku ya wanaume wengi ilikuwa mapumziko pia, lakini mikono yao ilikuwa mitupu kweli. Hapo ndipo mazungumzo huanza kuwa ya maana, na siyaharakishi. Mwaka 1977 mchumi wa Marekani, Clair Vickery, alionyesha kwamba kaya inaweza kuwa na kipato cha kutosha na bado ikawa maskini, kwa sababu haina muda wa kufanya kazi zinazoigeuza fedha kuwa chakula, usafi na malezi. Mfanyabiashara wa mchele pale Mwanjelwa anayefunga kibanda saa moja usiku hahitaji kusomewa hilo. Analijua.

Angalia pia sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Kazi ya nyumbani haina kikomo wala Jumapili. Na kama umeajiri dada wa kazi, sheria hiyo inamhusu yeye pia, na aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Nalisema kwa sababu nimekutana na familia zinazofurahia muda wao mpya, na ukichora duara la yule binti wa jikoni unaona muda huo ulitoka wapi. Yeye pia ana kwaya anayoipenda. Yeye pia ana mama wa kumtembelea kule Tukuyu.

Sasa niingie jikoni, maana ndiko saa nyingi zinakozama.

Sisi wa nyanda za juu tuna tatizo ambalo wa pwani hawalijui. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi, kama nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Dar yanachemka kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni karibu nyuzi 94. Kitulo, juu ya mita 2,600, ni kama 91. Sufuria inatokota vilevile, povu lile lile, lakini maharage hayapati joto lile lile. Ndiyo maana shangazi aliyekuja kutoka Tanga anaona maharage yetu ni magumu, na makande yanakula mchana mzima. Kuongeza moto hakusaidii. Maji yanayochemka hayapandi joto, yanakauka tu na mkaa unakwisha.

Kinachosaidia ni kuloweka. Maharage yakilala kwenye maji usiku mzima, muda wa kuyachemsha hupungua sana, na yanayokaa muda mrefu ghalani yanahitaji kulowekwa kuliko ya msimu huu. Mwenye uwezo anunue sufuria ya presha. Kwa mwinuko wetu ningeitanguliza kuliko hata runinga kubwa, kwa sababu inarudisha lile joto tulilonyimwa na mlima. Asiyeweza, atengeneze kapu la kupikia: kapu kubwa lililojazwa matambara au sponji, lenye mto wa kufunikia. Chemsha maharage yaliyolowekwa, yatokote kama nusu saa, tumbukiza sufuria na mfuniko wake ndani ya kapu, funika, nenda zako. Ukirudi, rudisha motoni yachemke tena hadi yaive vizuri kabla ya kuunga.

Nasisitiza "nenda zako". Kuna muda wa sufuria na kuna muda wa mpishi. Maharage yanaweza kuchukua saa tatu, lakini dakika zinazokuhitaji wewe ni 20 tu, ilimradi hakuna moto wa kuchochea wala maji ya kuongeza. Nyumba nyingi zinamfunga mtu jikoni saa tatu zote. Kabla ya kulalamika kwamba kazi ni ndefu, tenga hayo mawili kwenye duara lako kwa rangi mbili.

Usafi na nguo nitavipitia haraka. Pasi ya sare zote ipigwe Jumapili jioni mara moja. Soko liwe mara moja kwa wiki, maana kwa ubaridi wetu viazi, vitunguu na kabichi vinatulia bila friji. Mtoto wa miaka minane anaweza kufua soksi zake, wa kiume na wa kike, na miezi miwili ya kwanza zitakuwa hazijatakata. Vumilia. Ukizirudia nyuma yake, umempunguzia kazi na wewe umejiongezea mbili.

Kugawana kati ya wenza ndiko kugumu, na sitalipamba. Baba mmoja kwenye kikundi, baada ya kuona duara la mkewe, alianza kuchemsha maji ya watoto na kuwapeleka kituo cha daladala. Majirani wakasema amelishwa limbwata. Alipokuja kuniambia, sikumpa hotuba. Nilimuuliza yeye, "Mkeo anafanya nini ile asubuhi aliyoachiwa?" Akasema, "Analala mpaka saa kumi na mbili na nusu. Na jioni tunaongea. Zamani alikuwa anasinzia nikiwa katikati ya sentensi." Aliendelea kuchemsha maji.

Na mimi mwenyewe? Nilifundisha duara hili kwa miaka kadhaa kabla sijachora langu. Nilipolichora, wiki nzima haikuwa na kipande hata kimoja cha kufuma. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kufuma kwa sindano mbili, kule Njombe, ambako sweta si pambo. Nilihuzunika kweli, kwa sababu ni kitu cha mama na kilikuwa kinapotea mikononi mwangu.

Nililojifunza ni kwamba mambo tunayoyapenda yako ya aina mbili na kila moja inalindwa kivyake. Yanayofanywa na watu hulindwa na miadi. Kwaya, timu ya mpira ya mtaa, bao chini ya mti: usipofika unaulizwa. Kwaya yangu haijawahi kufa kwa sababu sauti ya pili inanisubiri Jumamosi saa tisa. Yanayofanywa peke yako hayana wa kukuulizia, kwa hiyo yalindwe na mahali. Kapu langu la kufumia sasa linakaa kando ya kiti, vitanzi vikiwa tayari kwenye sindano. Lilipokuwa juu ya kabati, dakika 15 za bure ziliisha kabla sijalishusha. Uzi napata kwa kununua sweta la mtumba na kulifumua, na kufumua ni kazi ambayo binti yangu anaipenda kuliko mimi ninavyopenda kufuma. Kwa hiyo jambo langu limekuwa pia muda wetu.

Halafu fuata majira. Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Mei. Mwenye shamba hana jioni wakati wa kupanda na palizi, na kumwekea ratiba ya mwezi wa nane ni kumwonea. Ndiyo maana vikundi vyangu huchora mara mbili, kiangazi na masika. Masika ni ya mambo ya ndani: kufuma, kusoma, kufanya mazoezi ya nyimbo. Kiangazi, mavuno yakishaingia, ni ya kupanda mlima Loleza na watoto, kwenda kutazama Ziwa Ngozi, kuwatembelea wazee. Na kumbuka kile nilichoanza nacho: jua linalochelewa kuchomoza huchelewa pia kuzama. Mwezi wa saba bado kuna mwanga hadi saa kumi na mbili na dakika 40 jioni. Nuru yetu iko jioni. Kama unataka matembezi na familia, usiyatafute alfajiri.

Ukitaka kuchora leo, chukueni karatasi mbili na mwenza wako. Lakini wewe uchore saa ya mwenzako, naye achore yako, bila kuulizana. Kisha mbadilishane, kila mtu asahihishe lililoandikwa juu yake. Kwenye vikundi, kipande kinachobaki kitupu mara nyingi zaidi ni kile cha saa nne usiku, upande wa mke. Mume anakuwa ameshalala, hajui nini kilifuata. Anzeni na hicho.