Koridorasi si mfagiaji wa tangi

Dhana: Tia koridorasi mmoja tangini, atamaliza uchafu wote.

Ndiyo kauli ya wauza samaki wengi, na imewaua samaki wengi pia. Koridorasi ni kambare wadogo wa Amerika Kusini, wengi wao wa sentimita 3 hadi 7. Kweli huchokoa mchanga kutwa, ila wanatafuta minyoo na wadudu. Kinyesi hawali. Akiachiwa masalia yanayodondoka kutoka kwa samaki wa juu, hukonda taratibu bila mfugaji kugundua. Wape vidonge vinavyozama, taa zikishazimwa, na mara kwa mara viluwiluwi vya mbu. Tena wawe sita au zaidi, kwa sababu ni samaki wa kundi. Akiwa peke yake hushinda mafichoni. Sharubu zikianza kufupika, kagua sakafu ya tangi: aidha changarawe ina ncha kali, au uchafu umerundikana chini.

Dhana: Akipanda juu kugugumia hewa, yuko mahututi.

Hapana. Humeza hewa, na utumbo wake hufyonza oksijeni. Wakipanda wote kila mara, hapo ndipo upime maji.

Dhana: Ni samaki wa nchi za joto, kwa hiyo maji yawe ya moto.

Inategemea aina. Paleatus, wa upande wa Argentina na Uruguay, hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 23. Katika nyumba nyingi za Nairobi huenda asihitaji hita. Aeneus hupenda 22 hadi 26. Kwa anayeishi Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya tangi hupanda yenyewe msimu wa kaskazi, namshauri sterbai, anayevumilia hadi 28. Na chumvi ya "kinga" iacheni jikoni: maji yakipungua kwa kukauka, chumvi hubaki, na ukiongeza kila wiki unawalimbikizia.

Dhana: Hawazaliani nyumbani.

Mfaransa Pierre Carbonnier, mfugaji wa samaki, aliwazalisha paleatus huko Paris mwaka 1878, wakati hita ya umeme haijawa kitu cha nyumbani. Siri ni mvua. Walishe vizuri wiki kadhaa, madume mawili kwa jike mmoja (jike ni mnene zaidi ukimtazama kutoka juu), kisha ondoa theluthi ya maji na urudishe yaliyopoa kwa nyuzi 3 hivi. Samaki huona mto umejaa. Yasipotokea mayai, rudia baada ya siku chache; mawingu ya mvua halisi nje nayo husaidia, wafugaji wengi watakuambia.

Dhana: Jike hubeba mbegu za dume kinywani na kuzipaka kwenye kioo.

Hii iliaminika miaka mingi, na ukiwatazama utaelewa kwa nini: jike hubandika mdomo ubavuni mwa dume, wakawa kama herufi T. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 1995 maelezo ya kushangaza zaidi kuhusu aeneus. Jike huzimeza. Mbegu hupita tumboni kwa sekunde chache, zikatokea nyuma zingali hai, na kuyakuta mayai machache aliyoyakumbatia kwa mapezi ya chini. Ndipo huogelea kuyabandika kwenye kioo au majani, akarudi kuanza upya.

Dhana: Wazazi watalinda.

Wakimaliza, huyageukia mayai yao na kuyala. Yabandue kwa kidole (ni magumu kuliko unavyodhani) na uyahamishie chombo chenye maji yale yale na pampu ya hewa. Yanayogeuka meupe yatoe mapema, ukungu wake huenea kwa wenzake. Mengine huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5.

Vifaranga huishi kwa kiini chao siku moja au mbili, kwa hiyo usiwalishe mapema. Baadaye wape artemia (vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya kamba) walioanguliwa karibuni au minyoo midogo. Kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa, kinachosifiwa sana, huchafua chombo kidogo haraka, na maji machafu ndiyo huwaua wengi kuliko njaa. Badilisha maji kidogo kila siku, ya joto lile lile, na unyonye mabaki ya chini kwa mrija mwembamba wa hewa.