Kikundi mchanganyiko: nani hasa anaongoza?

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya kuweka na kukopa, vicoba na hivi vya hisa ambapo akiba unaiweka kwa kununua hisa, zaidi huku Mbagala, Dar es Salaam, na Mbagala kila mtu yupo: Mzaramo na Mndengereko, Mmakonde, Mngoni, Mchaga mwenye duka, Msukuma kaja juzi na bodaboda yake. Watu wananiulizaga kikundi kizuri unakijuaje, wanategemea niseme nakagua leja. Leja nakagua kweli, ila kabla ya leja naangalia likitokea swali gumu macho ya watu yanaenda kwa nani. Mara nyingi hayaendi kwa mwenyekiti.

Hii inaanzia siku ya uchaguzi. Kikundi kipya, watu hawajuani, unawaambia chagueni viongozi, sasa watachagua kwa kigezo gani? Kwa kinachoonekana tu. Wanawake ishirini na kitu, wanaume wanne, mwenyekiti anatoka kwa wale wanne. Binti aliyemaliza fomu foo anapewa ukatibu hata salamu hajamaliza, eti ana mwandiko. Mwenye duka ndo mweka hazina, maana hela kazizoea. Hamna aliyeuliza huyu mtu akikopa analipa?

Na msidhani ni sisi tu. Miaka ya 1950 huko Chicago, Marekani, mtafiti Fred Strodtbeck na wenzake waliwakusanya watu wakakaa kama wazee wa baraza wa mahakama za kwao, wakasikilizishwa kesi iliyorekodiwa, alafu wakaambiwa wachague kiongozi wao kwanza ndo wajadili. Wanaume na wenye kazi za heshima ndo waliochaguliwa sana, tena ndo walioongea zaidi na wakaonekana wana mchango mkubwa zaidi, wakati kesi yenyewe wote waliisikia pamoja. Hata aliyekaa kwenye kichwa cha meza alikuwa na nafasi kubwa kuliko wa pembeni. Sisi meza hatuna, tuna mkeka na viti vya plastiki vitatu vya kuazima, ila nimeona sana: anayepewa kiti wenzake wakiwa mkekani, huyo kura zake kashazipata.

Kwahiyo mi siku hizi uchaguzi siufanyi mwanzoni. Tunakutana kwanza mara kadhaa, kila siku kazi wanabadilishana, leo wewe hesabu, kesho yule asome majina, mwingine afungue kikao, na watu wanaanza kuonana. Yule mama mkimya wa kule nyuma unakuta hesabu zinakaa kichwani bila kalamu, na yule mzee wa suti kila kikao anaingia wenzake wanaondoka. Hapo ndo tunapiga kura, kwa mawe, kila mgombea na mfuko wake pembeni ambapo jirani haoni unatia wapi, maana kura ya kunyoosha mkono kwenye kikundi chenye mkwe, mwenye nyumba na mpangaji wake si kura hiyo.

Mfumo wenyewe wa hisa kauanzisha mtu aliyewajua binadamu vizuri. Ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE na wanawake wa vijijini, wengi wao kusoma na kuandika hawajui, ndo maana mpaka leo kuna vikundi salio linatangazwa kwa sauti na wanachama wote wanalikariri mpaka kikao kijacho. Alafu lile sanduku la hela za kikundi lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti ambao si viongozi, na mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Yaani hata mwenyekiti awe nani mtaani, kama mshika ufunguo hajafika sanduku halifunguki. Kuna siku tulikaa chini ya mwembe kikundi kizima, mwenyekiti hajiwezi kwa hasira, katibu kashafungua daftari, tunamsubiri dada muuza dagaa yuko Rangi Tatu na ufunguo wake kwenye pochi. Alipofika hakuna aliyemgombeza, wakamsogezea nafasi akakaa. Faini alilipa lakini. Kikao kilichofuata aliongea, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anaongea zaidi ya kutaja namba yake.

Sasa hayo ni majukumu yaliyoandikwa kwenye katiba. Yapo mengine ambayo hayajaandikwa popote na ndo yanabeba kikundi. Mwaka 1948 Wamarekani wawili, Kenneth Benne na Paul Sheats, waliyagawa mafungu matatu: ya kusukuma kazi, ya kuwatunza watu wabaki pamoja, na ya mtu kujitafutia sifa zake. Hilo la tatu halihitaji maelezo, kila kikundi kina wa kwake. Ila la pili ndo watu hawalioni mpaka lipotee.

Chukua ishu ya riba. Kikundi kina Waislamu na Wakristo, mkopo unarudi na nyongeza, mwisho wa mzunguko faida inagawanywa kwa hisa. Wapo Waislamu ambao hiyo nyongeza hawaitaki kabisa, si kuitoa si kuipokea. Mwenyekiti akijaribu kuamua hilo kwa kura kikundi kinapasuka siku hiyohiyo. Nilipoona limeisha vizuri ni pale ambapo mwanachama mmoja, ustadhi wa madrasa, cheo chochote hana, alikaa na wenzake pembeni wakarudi na pendekezo: anayetaka aweke hisa tu, mwisho achukue zake bila faida, na akibanwa akope kwenye mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, ambao hauna nyongeza. Kikao kikapitisha. Mwenyekiti aliandikwa kwenye muhtasari kwamba ndiye aliyeongoza mjadala, sawa tu.

Alafu kuna watani, na hapa wageni wanaokuja na vitabu vyao vya uongozi huwa wanaachwa njiani. Mngoni na Mhehe babu zao walipigana vita kweli, leo ni watani. Mzaramo na Mnyamwezi hivyohivyo, toka enzi za misafara ya kwenda pwani. Sasa mwenyekiti Mhehe amechelewesha rejesho lake mwenyewe, nani atamwambia? Mwanachama wa kawaida akisema ni dharau. Anasimama mtani wake Mngoni, "jamani huyu tumsamehe, hela kanunulia mbwa wa kitoweo," maana Wahehe wanataniwa siku zote kwamba wanakula mbwa, kikundi kizima kinacheka na mwenyekiti anacheka, na kikao kijacho rejesho lipo. Jukumu la kumkosoa mkubwa lipo hapo tayari, halina posho wala halijachaguliwa na mtu. Tahadhari tu, lina mipaka: vijana waliozaliwa mjini wengine utani hawaujui, wanaona ni matusi, na mtu asiye mtani wako akijaribu hayo maneno ni ugomvi.

Swali linalonijia sana ni hili: kama kumbe kiongozi wa kweli ni mwingine, si tumpe tu uenyekiti? Kikundi kikimaliza mzunguko na mgao umefanyika, huwa nauliza kila mtu kimyakimya, mara ya mwisho ulipokwama rejesho ulimfuata nani kwanza? Jina linalojirudia mara nyingi ni la mama fulani, muuza vitumbua au fundi cherehani, na wenzake wakilisikia wanataka wamweke kwenye kiti hapohapo. Mi huwa nawazuia. Robert Bales aliwachunguza watu wakijadiliana kwenye vikundi vidogo miaka hiyohiyo ya 1950 akaona anayesukuma kazi na anayependwa na wengi mara nyingi ni watu wawili tofauti, na kwenye vicoba ni hivyohivyo: mwenyekiti lazima apige faini, lazima amwambie mtu mbele za watu kwamba hakopeshwi. Mpe yule mama hiyo kazi, ndani ya miezi michache hakuna atakayemfuata tena usiku kumwambia mtoto anaumwa na hela ya rejesho imeenda hospitali. Akitaka cheo mpeni usimamizi wa mfuko wa jamii, aende kwa wagonjwa na misibani. Uenyekiti mtafutieni mtu asiyeona haya kudai.