Mzazi wa kijijini mwenye mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo, anzia hukohuko kwenu

Siku hizi hapa Dar malalamiko yamezidi. Mama anatoka Kibiti au Rufiji, anashuka Mbagala Rangi Tatu na mtoto wa miaka sita mgongoni, nauli kauza kuku, anafika hospitali hana karatasi hata moja, anaambiwa akalete barua ya rufaa, analia. Inauma, kwa hiyo naomba nieleze utaratibu taratibu.

Anzia zahanati ya kijiji ukiwa na kadi ya kliniki ya mtoto, na msiitupe hata akifikisha miaka mitano. Mganga anakuandikia rufaa ya kituo cha afya au hospitali ya wilaya, wilaya ikishindwa inaandika ya mkoa, ndo baadae Muhimbili. Huna uwezo wa kulipa? Kamuone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, yeye ndo anapima kama familia isamehewe gharama, ila nenda na barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, na jina la mtoto liwe lilelile lililoko kwenye kadi na cheti cha kuzaliwa, maana herufi moja ikipishana mnaanza upya.

Halafu jamani hili la laana tuliache. Usonji, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto awe tofauti kwenye kuongea na kuchangamana na wenzake, sio pepo, na mama hajavunja mwiko wowote. Mtindio wa ubongo, yaani ubongo kuumia hadi mtoto ashindwe kutawala viungo vyake vizuri, unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali, au homa ya uti wa mgongo, na kila mwezi unaoishia kwa mganga wa kienyeji ni mwezi wa mazoezi ya viungo uliopotea. Mwingine anakuja mara tatu anasema mazoezi hayasaidii, sasa mara tatu ni nini? Mazoezi ni kila siku nyumbani, mtaalamu anakufundisha wewe mzazi, na kiti cha kona cha kumkalisha mtoto fundi seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza akionyeshwa vipimo.

Kumfungia mtoto ndani ni kosa, nasema hivi sio kwa kutisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake na kumnyima elimu, chakula au matibabu, adhabu yake ni faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake, kwa hiyo shule ikimkataa usirudi nae nyumbani kimya, mwandikie afisa elimu maalumu wa halmashauri, barua ubaki na kopi.

Kuhusu hela, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Akina mama wengi wanaulizia ile 2 tu, wakati wanaweza kuingia kikundi cha wanawake wakaomba kwenye ile 4. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Na ukijua nyumba yenye mtoto kafungiwa, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure, taja kijiji na kitongoji.