Je, wajua kwa nini maji huchoka ndani ya bomba jembamba?

Ukiziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali. Kila aliyewahi kumwagilia bustani amefanya hivyo. Kutokana na hilo watu wengi huamini kwamba bomba jembamba linayapa maji presha zaidi, na mimi niliamini hivyo miaka mingi. Nilipoanzisha kitalu cha miche ya mikorosho nyuma ya nyumba, huku Naliendele nje kidogo ya mji wa Mtwara, nilimwambia fundi alaze bomba la nusu inchi kutoka kwenye simtanki hadi kitaluni, mita 40. Yeye alitaka inchi moja.

"Bosi, kwa umbali huu nusu inchi maji yatachoka njiani."

Nikamjibu kuwa maji ya tanki yako juu mita 4 kuliko mdomo wa bomba, na kwamba bomba likiwa jembamba yatabanwa na kutoka kwa nguvu. Akalaza nilichotaka. Ndoo ya lita 20 ikawa inajaa kwa karibu dakika 3.

Kuchoka ndilo neno sahihi, na uchovu huo unahesabika.

Tuanze na koki ikiwa imefungwa. Hapo presha inategemea kimo peke yake: kila mita 10 za maji ni takriban baa 1 (baa ni kizio cha presha), kwa hiyo mita 4 zangu ni kama baa 0.4. Tanki liwe la lita 500 au 5,000, bomba liwe nene kama mguu au jembamba kama kidole, geji itasoma 0.4 ile ile. Bomba halina pampu ndani yake, hivyo haliwezi kuongeza chochote. Linachoweza ni kula, na linaanza kula pale unapofungua koki.

Fikiria lori la korosho linalotoka Masasi, na barabarani kila baada ya hatua chache kuna kizuizi cha ushuru. Kimo cha tanki ndiyo fedha iliyomo mfukoni mwa dereva, na kila mita ya bomba inatoza. Ajabu ya ushuru huu ni kwamba hauangalii mzigo, unaangalia mwendo: ukienda kasi mara mbili, unatozwa karibu mara nne. Dereva akikimbia sana, fedha inaisha kabla ya kufika. Akienda polepole, anabaki na akiba. Maji hayana uchaguzi: yanajikuta yamekaa kwenye kasi ile ambayo fedha inatosha kuyafikisha mlangoni, basi.

Anayetoza ni ukuta wa bomba. Maji yanayogusa ukuta hayasogei kabisa, yamenata pale pale. Tabaka linalofuata linajikwaruza juu ya hilo lililosimama, lingine juu yake, hadi katikati ambako kasi ni kubwa kuliko kote. Kwa kasi za kawaida za nyumbani tabaka hizo hazitulii. Zinavurugika na kujiviringisha, na kila kiviringo kinameza nguvu na kuigeuza joto. Usitarajie kulihisi. Kimo chote cha mita 4 kikiliwa, maji yanapata joto lisilofika hata sehemu moja ya mia ya nyuzi 1 ya Selsiasi.

Nilipopiga hesabu ya bomba langu, lenye uwazi wa ndani wa milimita 13, maji yalikuwa yanakwenda mita 0.9 kwa sekunde. Kasi hiyo ni sawa na maji yaliyoanguka kutoka kimo cha sentimita 4 tu. Yaani kati ya sentimita 400 nilizojenga kwa mbao na misumari, 396 ziliishia njiani.

Sasa turudi kwenye kidole gumba, maana bila kukielewa mtu haachi imani ya zamani. Kidole hakiongezi presha; kinapunguza maji. Tuseme kinayapunguza hadi nusu. Kwa kuwa sasa maji yanatembea polepole ndani ya bomba zima, ushuru wa njiani unashuka hadi karibu robo, kiasi cha mita 1.2. Mita 2.8 zinafika mdomoni zikiwa hazijaguswa, na pale kwenye upenyo mdogo zinageuka kuwa kasi ya karibu mita 7 kwa sekunde, ukitoa kile kinacholiwa na kidole chenyewe. Maji yanaruka mbali, lakini ni nusu ya maji. Chukua ndoo na saa upime: ukiziba kwa kidole, ndoo inachelewa kujaa. Mimi nilikuwa nimekiweka hicho kidole kuanzia kwenye tanki hadi mwisho, mita 40 nzima.

Kwa nini kipenyo kina ukali kiasi hicho? Chukua maji yale yale kwa dakika, uyapitishe kwenye bomba lenye kipenyo nusu. Eneo la uwazi wa ndani linakuwa robo, kwa hiyo kasi inapanda mara 4. Ushuru unafuata mraba wa kasi: mara 16. Halafu ukuta umesogea karibu na kila tone, na hilo linazidisha tena mara 2. Jumla mara 32. Kwa lugha ya hesabu, upotevu unakwenda kinyume na kipenyo kwa kipeo cha tano, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara tano (2 × 2 × 2 × 2 × 2) ndiyo hiyo 32.

Fomula hiyo ina majina ya watu wawili: Mjerumani Julius Weisbach, aliyeiandika mwaka 1845, na Mfaransa Henry Darcy, aliyeupelekea mji wa Dijon maji na kuchapisha vipimo vyake vya mabomba mwaka 1857. Ndani yake kuna namba ya msuguano ambayo, maji yakiwa yanavurugika, hadi leo inategemea vipimo, si kalamu peke yake. Ndiyo maana hesabu zangu hapa zichukuliwe kama makadirio. Bomba la chuma lililoshika kutu lina tabia yake; likipungua kipenyo kwa asilimia 10 tu, karibu robo ya maji imepotea.

Vipi kuhusu kona? Mafundi wengi wanazilaumu. Kona moja ya nyuzi 90 inakula sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa kama vipenyo 30. Kwangu ni sentimita 40 hivi, na kona zangu nne hazifiki mita 2 kati ya 40. Kwenye bomba refu lawama ni ndogo. Kwenye bomba fupi la bafuni lenye kona nyingi, hizo hizo zinaweza kuwa ndizo walaji wakuu.

Ushuru huo huo unatozwa hata kwenye mabomba makubwa. Bomba la gesi linaloanzia Madimba, hapa Mtwara, kwenda Dar es Salaam lina kipenyo cha inchi 36 na urefu wa zaidi ya kilomita 470. Gesi ina mkunjo wake kwenye hesabu, kwa kuwa inatanuka kadiri presha inavyoshuka, lakini kipeo cha tano kiko pale pale. Kwa umbali kama huo, kipenyo ndicho kinachoamua kama gesi itafika ikiwa na nguvu ya kuwasha mitambo.

Nimeshabadilisha bomba. Kwa hesabu, inchi moja hadi mwisho ingejaza ndoo kwa sekunde 27, ila maji yangetoka kwa ulegevu. Fundi akapendekeza tubakize nusu mita ya lile jembamba mwishoni kabisa, lifanye kazi ya kidole gumba. Sasa maji yanatoka kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde, yanafika mstari wa mwisho wa miche nikiwa nimesimama kwenye wa kwanza, na ndoo inajaa chini ya sekunde 40.