Gumbo Maana Yake Bamia, Lakini Gumbo Unayouza Inaweza Isiwe na Bamia Hata Moja

Tangu wapishi wa jamii yetu hapa Marekani waanze kuweka gumbo, ule mchuzi mzito wa jimbo la Louisiana, kwenye menyu za wikendi, sisi wa ukaguzi wa chakula tunaletewa kesi ileile: mteja kaagiza akijua ni mchuzi wa bamia, kakuta kamba na kaa humo ndani na ana aleji, muuzaji naye anasema jina si linajieleza jamani. Halijielezi.

Tuanze na jina, maana tumeshasikia mengi. Gumbo haina uhusiano na ng'ombe, naomba hilo liishe leo. Na wale Wazimbabwe wenye ukoo wa Gumbo, hilo ni neno la Kishona, maana yake mguu, ni kitu kingine kabisa. Maelezo yanayokubalika zaidi yanalipeleka neno hili Angola, kwa Wambundu, ambao bamia wanaiita kingombo, watu wakachukuliwa utumwani wakaenda nalo, ndio maana Wacuba leo wanasema quimbombó na Wafaransa gombo, na ndugu zetu Wakongo wanaoiita bamia dongodongo wanalijua na hilo gombo vizuri tu. Kule Louisiana neno likatoka kwenye mboga likahamia kwenye sufuria nzima. Kumbukumbu za mahakama za New Orleans za mwaka 1764 tayari zinataja gumbo, kwenye mahojiano ya wanawake watumwa.

Kuna wanaodai asili ya neno ni Wachoctaw, wenyeji wa kule, ambao mti wa msasafrasi wanauita kombo. Majani ya mti huo yakikaushwa na kusagwa ndio filé, na zamani bamia mbichi zikiisha msimu watu walitumia filé kufanya mchuzi uwe mzito. Inatiwa sufuria ikishaepuliwa, ukiichemsha inavutika nyuzi nyuzi kama gundi.

Kwa hiyo ipo gumbo ya bamia, ipo ya filé, ipo ya kuku na soseji, na ipo gumbo z'herbes ya mboga za majani, ile ambayo mgahawa wa Dooky Chase's wa New Orleans unajulikana kwa kuipika Alhamisi Kuu, na hata hiyo msidhani haina nyama. Nyingi zinaanza na roux, na roux ni unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta. Mtu mwenye shida na ngano haoni ngano kwenye sahani, anaona mchuzi wa kahawia tu.

Ukifungasha kwenye kontena la kuuza, vizio 9, yaani vyakula vinavyoleta aleji, lazima vitajwe kwenye lebo kama vimo: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, jamii ya korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Usipoandika, bidhaa inahesabika ina lebo ya uongo, inaweza kurudishwa kutoka sokoni yote, hata kama ni tamu. Chakula unachopakua mbele ya mteja kinafuata kanuni za jimbo lako, ulizia kabla hujafungua meza, sio baada.

Halafu kupoza. Mnapika sufuria kubwa Ijumaa usiku mnaiacha jikoni mpaka asubuhi "ipoe yenyewe", hii tumeikataza mpaka tumechoka. Kanuni ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ni hivi: kutoka selsiasi 57 ishuke hadi 21 ndani ya masaa 2, kisha ifike 5 au chini, yote ndani ya masaa 6 tangu ulipoanza. Yale masaa 2 ya mwanzo yakipita haijafika 21, pasha mpaka 74 uanze upya au mwaga. Gawa kwenye trei zenye kina kifupi, weka juu ya barafu, koroga, pima kwa kipimajoto. Kidole sio kipimajoto. Mkaguzi akikuta imelala nje itamwagwa mbele yako, na ukirudia kibali kinaweza kusimamishwa.

Na wale wanaosema filé imepigwa marufuku, hapana, haijapigwa. Mwaka 1960 FDA ilikataza safroli, kemikali ya kwenye mizizi na magome ya msasafrasi, majani yanaruhusiwa yakiwa hayana safroli. Nunua yenye lebo ya mtengenezaji na chupa uitunze mpaka iishe. Ile uliyochuma mwenyewe porini kapikie nyumbani kwako, usiilete kwenye meza ya biashara.