Mmea wa kudumu: maana yake kwa bustani ya Lubumbashi

Mgomba ukishazaa, shina lile halitoi mkungu mwingine. Unalikata, na pembeni yake machipukizi yako tayari, kwa sababu uhai wa mgomba uko chini ya udongo. Hapo ndipo ilipo maana ya mmea wa kudumu: unaishi zaidi ya miaka miwili bila kupandwa upya, hata kama sehemu ya juu inakauka. Mahindi na maharagwe ni ya msimu mmoja tu, yakizaa yamemaliza.

Lakini kudumu kunategemea pia mahali. Pilipili kwa asili ni ya kudumu, na mche mmoja nyuma ya jiko unaweza kuvunwa miaka kadhaa. Ulaya baridi kali huiua, ndiyo maana wanaipanda kila mwaka. Huku kwetu Lubumbashi kinachoua ni kiangazi. Kuanzia Mei mvua hakuna, udongo mwekundu unakuwa mgumu kama tofali, halafu joto kali linafika Septemba na Oktoba, mimea ikiwa imeshachoka. Kwa hiyo anayekuuzia ua akikwambia ni la kudumu, muulize linaweka wapi akiba yake ya kiangazi. Shubiri inaweka kwenye majani yake yaliyojaa maji. Kana, lile ua la majani mapana, inaweka kwenye shina lake la chini ya udongo.

Naumia nikiona mtu ananunua miche kumi ya kana ajaze lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake, kwa siku moja. Nunua mmoja. Baada ya mwaka, mvua za Novemba zikishalainisha udongo, chimbua shina zima na ulitikise. Utaona kitu kinene kama tangawizi kubwa, chenye vijicho vilivyochomoza. Kata kwa kisu safi, kila kipande kibaki na vijicho viwili au vitatu, kiache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha kifukie si chini sana, kama sentimita 10. Mchaichai, wengi tunauita sitroneli, ni rahisi zaidi: omba kwa jirani kishina kimoja chenye mizizi, punguza majani, panda. Bogenvilia inataka kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, kilichokatwa chini kidogo ya kifundo.

Kiangazi cha kwanza ndicho cha kuhangaikia. Ndoo moja ikimwagwa polepole mara moja au mbili kwa juma inafaa kuliko kikombe kila jioni, kwa kuwa mizizi hufuata maji yalikokwenda. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, ila zisiguse shina. Mchwa wa huku tunawajua. Na bogenvilia ikipukutisha majani yote mwezi wa nane, usiing'oe. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: ukiona kijani chini yake, bado iko hai.