Mwanga wa Intaneti Hauendeshi Kihisi

"Fundi, faiba si tayari ninayo? Nichomekee tu hicho kihisi." Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara tatu, ya mwisho na mzee mwenye matangi ya mafuta upande wa Busia. Kwake, faiba, yaani uzi wa kioo unaoleta intaneti ofisini, ina mwanga, mwanga ni nguvu, basi nguvu hiyo iendeshe vihisi vya kupima kina cha petroli.

Nikachomeka mita ya kupima nguvu ya mwanga kwenye uzi wake, naye anaangalia: hasi 20 dBm. Hizo ni mikrowati 10, yaani sehemu kumi za milioni za wati. Chaja ya simu ya wati 5 inatoa mara laki tano ya hapo! Mwanga ule umeletwa kubeba habari. Hautawasha hata kile kitaa chekundu cha redio.

Umeme wa kupitia faiba upo, ila una leza yake. Tunatumia ya mwanga wa nanomita 808 (huo ni urefu wa wimbi lake), uzi wa multimodi, yaani wenye kiini kinene, na upande wa pili seli ya galiamu arsenidi ya kugeuza mwanga kuwa umeme. Kwa mwanga huo uzi unakula takriban dekibeli 3 kwa kilomita, yaani nusu ya mwanga. Nikitia wati 2, kilomita moja mbele inafika wati 1, na seli nzuri inakurudishia kama nusu yake. Miliwati 500, mzee wangu. Kihisi kinachoamka, kikapima, kikalala tena, kinashiba na kubakiza. Kamera ya kuzunguka, sahau. Kwa hiyo usianze kuniuliza bei ya leza. Niletee kwanza karatasi ya vipimo vya kihisi chako nione kinakula miliwati ngapi.

"Si bora sola?" Mara nyingi ndiyo, nami naifunga kila wiki. Lakini juu ya tangi la petroli au kwenye laini ya kilovolti 132, sitaki waya wa shaba upite pale. Kioo hakipitishi umeme, wala radi za huku ziwani. Ila agiza kebo isiyo na chuma hata cha kuimarishia, la sivyo umerudi palepale.

"Mwanga usioonekana hauumizi." Unapofusha. Ule wa 808 jicho linauona kama wekundu hafifu, halishtuki, halipepesi. Zima leza kabla ya kugusa kichwa cha uzi, kisha kifute: punje moja ya vumbi ikiungua hapo, kichwa kimekwisha.

Na nyinyi mnaokata kebo usiku mkitafuta shaba: ni kioo.